Kinanda kikiingia, gitaa lisogee: mwongozo kwa bendi ya magitaa

Vijana wengi wa bendi wanaonitafuta huwa na ombi moja. Wana magitaa mawili, besi, dramu na mwimbaji, wana nyimbo zao za kwanza ambazo watu wameshazizoea, na sasa wanataka mtu wa kinanda "ili muziki ujae". Huwa nawauliza: kwani sasa hivi mna nafasi wapi? Magitaa mawili yakichapwa kwa pamoja, na matoazi ya dramu juu yake, pameshajaa. Kinanda mtakisikia kwenye mazoezi ya kwanza tu, kwa kuwa kila mtu anamstahi mgeni. Mazoezi yanayofuata kimeshazama, na mpiga kinanda anaanza kuchelewa kuja.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kuazima chochote, tafuteni albamu moja mkaisikilize pamoja: A Rush of Blood to the Head ya Coldplay, wale Waingereza, iliyotoka Agosti 2002. Ni albamu yao ya pili, na mimi naitumia kufundishia kuliko nyingine yoyote. Ile ya kwanza, Parachutes ya mwaka 2000, ni ya magitaa. Piano ilikuwemo, hasa kwenye Trouble, ila ilipita mara moja moja. Kwenye ya pili piano ndiyo inayobeba nyimbo kubwa, na ukisikiliza vizuri utasikia wenzake wote wamebadilisha upigaji wao kwa ajili yake. Hilo la pili ndilo ninalotaka mlione.

Jambo jingine: hawakuajiri mtu mpya. Anayepiga piano ni mwimbaji mwenyewe, Chris Martin. Jonny Buckland kabaki na gitaa, Guy Berryman besi, Will Champion dramu, wale wale wanne waliofahamiana wakisoma University College London. Mwenye bajeti ndogo alizingatie hili. Ulizaneni ninyi kwa ninyi nani alipiga kinanda kwaya ya vijana. Mara nyingi yumo, amenyamaza tu kwa sababu gitaa ndilo lenye sifa mbele ya watu.

Namna ya kuisikiliza

Albamu ina nyimbo 11. Msizichanganye, zichezeni kwa mpangilio wake. Halafu fanyeni hivi: mpiga gitaa asisikilize gitaa. Apewe karatasi aandike mahali ambapo gitaa halipo, au lipo kwa noti mbili tatu tu. Wengi wanashangaa karatasi inavyojaa.

Wimbo wa kwanza, Politik, ulioandikwa muda mfupi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, unaanza kwa kishindo. Bendi nzima inagonga kodi moja (noti kadhaa zinazolia kwa wakati mmoja) kwa pamoja, piano ikiwa katikati ya hiyo kelele, inagongwa kama dramu. Kisha ghafla vyote vinaondoka, inabaki sauti ya mtu na noti chache za piano. Hapo pana mafunzo mawili kwa pigo moja: piano inaweza kuwa ala ya mdundo, na ukimya wa wenzako ndio unaoifanya isikike kubwa. Tafadhali msijaribu kuiga kile kishindo kabla hamjaweza kuiga ule ukimya. Kelele kila bendi inaiweza.

Wa pili, In My Place, unaongozwa na gitaa. Wa tatu, God Put a Smile upon Your Face, unaanza kwa gitaa la kavu na hauhitaji piano kabisa. Msizipite nyimbo hizi haraka mkikimbilia zile maarufu. Zinaonyesha kwamba waliamua wimbo kwa wimbo nani aongoze. Hakuna aliyesema "sasa sisi ni bendi ya piano".

The Scientist ndio wimbo wa kumpa mpiga kinanda asiye na uzoefu mkubwa. Uko kwenye ufunguo wa F, unakwenda taratibu, na kodi za mzunguko mkuu ni D ndogo (yaani D minor), B flati, halafu F. Mkono wa kulia unagonga kodi pigo kwa pigo, nne kwa kila kodi, basi. Noti ya F imo ndani ya kodi zote tatu, kwa hiyo mkono hauna haja ya kuruka. Tafuta mkao ambao vidole vinasogea kidogo kidogo na F ibaki chini ya kidole. Dramu hazipo mwanzoni. Wimbo unakaa na piano na sauti kwa muda ambao bendi nyingi zingeshindwa kuvumilia. Mpiga dramu wenu atataka kuingia mapema. Mzuieni.

Kuna kisa nyuma yake kinachonifurahisha. Martin ameeleza kwamba alikuwa akijaribu kupiga wimbo wa George Harrison kwenye piano, akashindwa, na katika kuhangaika huko zikatoka hizi kodi. Waalimu wa kinanda tunawakataza wanafunzi kubahatisha, lakini tusikataze sana.

Clocks, polepole

Sasa tuje kwenye wimbo ambao kila mtu anauomba. Clocks nusura usiwemo. Albamu ilikuwa karibu kukamilika wimbo ulipozaliwa, na wakauweka kwenye kanda ya majaribio pamoja na nyimbo walizokusudia kwa albamu ya tatu. Phil Harvey, rafiki yao aliyekuwa meneja, akausikia akawashikilia waumalizie na kuuingiza. Mwaka 2004 ukawapa Grammy ya rekodi ya mwaka.

Ufunguo ni E flati. Najua mpiga kinanda wako wa kanisani atafanya nini: atabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, apige kwenye C kama alivyozoea. Kwenye wimbo huu hatajisaidia. Mkono huu umekaa vizuri sana pale pale E flati, na nitaeleza kwa nini.

Kodi ni tatu katika mzunguko wa bari nne (bari ni kipimo cha mapigo manne): E flati bari moja, B flati ndogo bari mbili, F ndogo bari moja. Mkono wa kulia hauzigongi. Unazivunja, kutoka juu kushuka, noti tatu kila mara:

E flati, B flati, G.
D flati, B flati, F. Hii mara mbili.
C, A flati, F.

Kwa waliolelewa na solfa kwenye kwaya, doh ikiwa E flati, ni hivi: d' s m, ta s r, ta s r, l f r. Imbeni kwanza kabla ya kugusa kinanda. Ile "ta", ti iliyoshushwa, ndiyo inayoupa wimbo ladha yake. Ukipiga ti ya kawaida, utasikia wimbo mwingine kabisa, wa furaha ya harusi.

Vidole: kidogo, cha kati, gumba. Angalia sasa mkono unavyokaa. Gumba liko kwenye kitufe cheupe muda wote, G halafu F, halitoki tena hadi mzunguko uanze upya. Kidole cha kati kiko kwenye B flati, kitufe cheusi, hakihami mpaka kodi ya mwisho kinapoteremka A flati, nayo nyeusi. Anayefanya kazi ni kidole kidogo, kinashuka E flati, D flati, D flati, C. Ndiyo maana nilisema usihamishe ufunguo: kwenye C, hiyo tofauti ya juu na chini ambayo mkono unaishika kama kituo cha kupumzikia inapotea.

Mdundo ndio penye shida. Bari moja ina nusu-pigo nane, nawe una noti tatu tatu. Tatu mara mbili ni sita, zinabaki mbili. Basi mpangilio ni tatu, tatu, mbili: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Kwa hiyo kwenye kundi la mwisho gumba halipigi. Unapiga kidole kidogo na cha kati tu, kisha unarudi juu na kodi mpya. Wanafunzi wengi huongeza ile noti ya tatu kwa sababu mkono umezoea, na wimbo unakwama nje ya dramu. Mtu anayekosea hapo mwambie aache kinanda, apige mezani kwa kiganja: PA-pa-pa PA-pa-pa PA-pa. Aliyekulia kwenye rumba ya Kongo analipata haraka, kwa maana huo mgawanyo wa tatu-tatu-mbili ndio nusu ya kwanza ya mgongo wa vijiti unaotoka Cuba, ule uitwao clave. Wala si bahati mbaya kwamba mwaka 2006 wanamuziki wa Cuba walipoupiga upya wimbo huu kwenye mradi wa Rhythms del Mundo, ulikaa kama wa kwao.

Mkono wa kushoto ni noti za msingi tu, E flati, B flati, B flati, F, zikishikiliwa. Pedali unaiachia na kuikanyaga tena kila kodi inapobadilika. Ukiisahau pedali chini bari nzima nne, D flati itagombana na kila kitu.

Kasi ni takriban mapigo 130 kwa dakika. Anzeni na 80. Mkiweza 80 bila kupotea kwa dakika tatu mfululizo, pandeni kumi kumi. Programu ya metronomu kwenye simu inatosha.

Mpiga gitaa afanye nini

Hapa ndipo bendi hugombana, kwa hiyo zungumzeni kabla ya mazoezi, mkiwa mmekaa. Mpiga gitaa aliyezoea kuchapa kodi za nyuzi sita wimbo mzima akiambiwa apunguze, anasikia kama ameshushwa cheo. Mwambieni amsikilize Buckland kwenye Clocks. Yupo, lakini hagombanii katikati, mahali ambapo piano inazunguka. Anakaa pembeni, kwa noti chache zenye mwangwi.

Kwa vitendo: asiguse nyuzi tatu nene katika nyimbo za piano. Apige noti mbili kwa wakati mmoja kwenye nyuzi nyembamba, juu ya freti ya saba, aziache zilie. Akiwa na kifaa cha mwangwi, akiweke kiendane na kasi ya wimbo, la sivyo kitapigana na ile tatu-tatu-mbili. Na kama kwenye sehemu ya kiitikio mnataka kodi kamili, E flati, B flati ndogo na F ndogo zinachosha mkono wa kushoto wa gitaa. Aweke kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya kwanza apige D, A ndogo na E ndogo. Zinatoka zile zile, na nyuzi za wazi zinalia vizuri.

Wa gitaa la pili ana kazi ngumu zaidi: kutopiga. Kuna nyimbo ambazo atakaa kimya ubeti mzima. Mpeni kayamba, mpeni sauti ya pili aimbe, lakini msimwachie achape kwa sababu tu ana gitaa mkononi. Coldplay hawakuwa na tatizo hili kwa kuwa gitaa lao la pili ni la Martin mwenyewe, na mikono yake ilikuwa kwenye piano.

Besi na mkono wa kushoto

Mpiga kinanda wa kanisa amezoea kuwa bendi nzima. Mkono wa kushoto unapiga besi, mashine inapiga dramu, na mkono wa kulia unashika kodi na sauti ya kwanza. Akija kwenye bendi na tabia hiyo, mpiga besi ataonekana hajui. Wote wawili wako kwenye noti zile zile za chini, na mpiga besi akiongeza noti ya kupitia, inagongana na mkono wa mwenzake.

Kanuni yangu: besi ikiingia, mkono wa kushoto upande juu oktava moja au uache kabisa. Kwenye Clocks, mpiga besi akishikilia noti ya msingi, mpiga kinanda anaweza kuweka mkono wa kushoto mapajani na wimbo usipungukiwe. Jaribuni muone.

Na ile mashine izimwe. Kwenye Yamaha nyingi za PSR ambazo zimejaa makanisani ni kitufe kilichoandikwa ACMP; hakikisha taa yake haiwaki. Zimeni na ule mchanganyiko wa piano na vinanda vya nyuzi unaopendwa sana kwenye ibada. Ni mtamu mtu akiwa peke yake. Ndani ya bendi unafunika gitaa lote na kumwacha mwimbaji akipiga kelele. Chagueni sauti ya piano tupu, na kama kinanda kinatambua nguvu ya kidole, hiyo iwashwe. Bila hiyo, Politik haiwezekani: utapata kishindo na ukimya kwa sauti ile ile.

Mitambo

Kwa ufupi, maana fundi mitambo wenu ana namna yake. Kinanda chenye tundu mbili za kutolea sauti, mkiwa na waya mmoja, chomekeni kwenye iliyoandikwa L/MONO. Mkitumia ile nyingine mtapata nusu ya piano. Kwenye miksa, chaneli ya kinanda ikatwe chini ya hezi 150 hivi, hapo ni pa besi na dramu kubwa. Msiikuze katikati ili isikike. Punguzeni katikati ya gitaa. Mpiga dramu awe na kinanda kwenye monita yake kuliko gitaa, kwa kuwa kwenye nyimbo hizi yeye anaifuata piano, na akiikosa atahesabu peke yake.

Umeme ukikatika gitaa la kavu linaendelea. Kinanda hakiendelei. Kama ukumbi hauna jenereta, muwe na wimbo mmoja wa gitaa la kavu ambao mwimbaji anaweza kuuanza gizani. Green Eyes, wimbo wa saba kwenye albamu, ni mfano wa aina hiyo.

Zipi zenu zihamie kwenye piano

Msihamishe zote. Chukueni tatu. Mimi huangalia mambo mawili. La kwanza, wimbo ambao sauti ya mwimbaji inafunikwa na magitaa kwenye beti. Huo piano itauokoa. La pili, wimbo ambao mkiupiga kwa gitaa moja bila dramu unabaki kusimama. Wimbo unaotegemea rifu ya gitaa, yaani kipande kifupi kinachojirudia, ili ujulikane uacheni ulivyo. Kuupa piano ni kuua kitu ambacho watu walikuja kukisikia.

Baada ya hapo, jengeni mpangilio upya kuanzia piano na sauti, kisha muongeze mtu mmoja mmoja. Kila anayeingia aeleze anaingiza nini ambacho hakikuwepo. Asiyekuwa na jibu asubiri kiitikio. Sikilizeni Amsterdam, wimbo wa kufunga albamu: piano inatembea pole pole peke yake sehemu kubwa ya wimbo, na bendi inalipuka karibu na mwisho tu. Ule mlipuko una uzito kwa sababu watu watatu wamekaa kimya dakika kadhaa wakiwa na ala mkononi.

Pia mjue pa kusimama. Kwa maoni yangu albamu ya tatu, X&Y ya mwaka 2005, ilizidisha. Vinanda vya umeme vimerundikwa tabaka juu ya tabaka, na nyimbo nzuri kadhaa zimo chini yake zikitafuta hewa. Wapo wanaoipenda kuliko ya pili, na tumeshabishana sana. Lakini ukimpa kijana anayejifunza albamu ile kwanza, atadhani kazi ya kinanda ni kupaka rangi kila palipo wazi.

La mwisho ni la jukwaani. Mwimbaji akiwa ndiye mpiga kinanda, kila anapoketi na kusimama panatokea kimya cha aibu. Msizitawanye nyimbo za piano. Wao kwenye albamu wamezipanga mfululizo, The Scientist ya nne, Clocks ya tano, Daylight ya sita, kisha gitaa la kavu. Ninyi nanyi mpangeni aketi mara moja kwa zote tatu, maikrofoni ya pili ikiwa tayari kwenye stendi pale kinandani, imeshapimwa sauti mapema. Ya tatu ikiisha, gitaa la kavu lianze wimbo unaofuata wakati yeye bado anavuta kiti nyuma, na dramu zisihesabu mpaka afike mbele.